Mzee wa Miaka 99 Atembea Uani, Mamilioni ya Pauni Yapatikana

Kuruti aliyekaa kambini mwezi mmoja hukimbia kilomita mbili na nusu kabla ya chai ya asubuhi, na hakuna anayempigia makofi. Mwendo huo huo ndio aliokusudia kuutembea Kapteni Tom Moore katika ua wa nyumba yake huko Marston Moretaine, Uingereza, mwezi wa Aprili 2020. Na kwa mwendo huo zikachangwa zaidi ya pauni milioni 32 za kuwasaidia wahudumu wa hospitali. Wasomaji wetu, hasa wale wavaao sare au waliowahi kuivaa, watapenda kujua jambo hilo lilivyotokea, pamoja na yale yaliyofuata, ambayo si yote ya kupendeza.

Moore alizaliwa Keighley tarehe 30 Aprili 1920. Mwaka 1940 aliingizwa jeshini, mwaka uliofuata akapewa cheo cha ofisa, kisha akapelekwa Bara Hindi na Burma pamoja na kikosi cha vifaru. Alipigana Arakan, pwani ya Burma, na huko akaugua homa ya dengu. Yafaa ikumbukwe kwamba vita hivyo vya Burma si hadithi ya ugenini kwetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani vijana wa Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua kubwa, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Wengi wa wazee wetu hao walirudi vijijini mwao kimya kimya, wala picha zao hazikutokea katika gazeti lolote.

Mwaka 2018 Moore alianguka nyumbani, akavunjika nyonga. Madaktari na wauguzi walimhudumia vema, naye akaona ana deni kwao. Ugonjwa wa korona ulipoifunga Uingereza mwaka 2020, alianza tarehe 6 Aprili kutembea uani akishika kiunzi chenye magurudumu. Nia yake ilikuwa mizunguko 100 ya mita 25 kabla hajatimiza miaka 100, akitembea mizunguko kumi kila siku, na jamaa zake wakatangaza kwamba wanatafuta pauni 1,000 tu. Baada ya siku chache fedha hizo zilikwisha kupatikana. Mzunguko wa mwisho aliutembea tarehe 16 Aprili, huku askari wa Kikosi cha Yorkshire wakiwa wamejipanga kwa gwaride la heshima, nishani zake zikiwa kifuani. Hakuishia hapo, bali aliendelea kutembea. Kufikia siku yake ya kuzaliwa, watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamechanga.

Kwa nini watu wengi hivyo wafungue mikoba yao kwa ajili ya kilomita mbili na nusu? Mwandishi huyu haoni kwamba sababu ni umri pekee. Nchi ilikuwa imefungiwa ndani, kila mtu akitamani kufanya jambo lolote la manufaa, na hapa palikuwa na kazi ambayo kila mmoja aliweza kuihesabu: leo mizunguko kumi, kesho kumi mingine. Tena fedha zilikuwa na mahali pa kwenda palipojulikana tangu mwanzo, yaani umoja wa mifuko ya hisani ya hospitali za umma. Umoja huo ulizitumia kwa mambo kama vyumba vya kupumzikia wauguzi na vyombo vya kuwawezesha wagonjwa waliotengwa kuonana na jamaa zao.

Mfano huo uliigwa upesi. Huko Bow, mashariki ya London, mzee mwingine wa miaka 100, Dabirul Islam Choudhury, mzaliwa wa Bengali, aliuzunguka ua wa mtaa wake katika mwezi wa Ramadhani, akiwa amefunga. Naye alikusudia mizunguko 100. Alipokoma alikuwa ametembea 970, na zaidi ya pauni 400,000 zilikuwa zimechangwa kwa ajili ya waliopatwa na shida za korona.

Malkia alimpa Moore cheo cha heshima katika jumba la Windsor tarehe 17 Julai 2020. Alifariki tarehe 2 Februari 2021, akaagwa kwa heshima za kijeshi.

Sasa tufike penye uchungu. Katika mwaka ule ule wa 2020 jamaa zake walianzisha mfuko mwingine wenye jina lake. Fedha zile za mwanzo hazikupitia humo. Zilifika hospitalini kama ilivyoahidiwa, na jambo hilo lisichanganywe. Lakini mwezi wa Juni 2022 kamisheni ya serikali inayosimamia mashirika ya hisani ilianza kuuchunguza mfuko huo mpya, na taarifa yake ya Novemba 2024 ilieleza kuwa palikuwa na mwenendo mbaya na uongozi mbovu uliorudiwa mara nyingi. Umma ulikuwa umefahamishwa kwamba mauzo ya kitabu cha mzee yangeufaidi mfuko, kumbe malipo ya karibu pauni milioni moja na nusu yaliingia katika kampuni ya jamaa. Wao waliyapinga matokeo hayo. Hata hivyo mwaka huo walizuiwa kuongoza shirika lolote la hisani kwa muda wa miaka kadhaa. Marehemu mwenyewe hakulaumiwa.

Katika kambi zetu matembezi ya namna hii hayahitaji gharama kubwa. Akina mama wa kambini wanaweza kuyaandaa kwa ajili ya wodi ya wazazi au mjane wa askari, mradi jambo moja lichaguliwe na litajwe kabla senti ya kwanza haijapokewa. Atunzaye fedha asiwe ndiye aliyebuni matembezi wala ndugu yake, kila mchango uandikiwe stakabadhi, na hesabu ibandikwe ubaoni siku ya pili, siyo mwezi ujao. Wazee na wenye shinikizo la damu waonane na mganga kwanza. Mwendo uanze alfajiri, kabla jua halijapanda, na maji ya kunywa yawe karibu.

Wala asiyekuwa na uwanja asikate tamaa. Hatua ya gwaride ni kama sentimita 75, hivyo mita 25 ni hatua 33 na kidogo, na mizunguko 100 ni hatua zipatazo 3,300.