Goita, Chumvi na Muhogo wa Idjwi

Kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu nchini Kongo, madaktari wa miaka ya 1960 walikuta zaidi ya nusu ya wakazi wana goita. Kusini-magharibi mwa kisiwa hichohicho, wenye shingo zilizovimba walikuwa wachache mno. Ajabu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na upungufu uleule wa aidini, yaani madini joto. Kwa nini basi kaskazini ndiko kulikoumia?

Tezi ya thairoidi imekaa mbele ya koo la pumzi, chini kidogo ya kikoromeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Hunasa aidini kutoka kwenye damu na kuitengenezea homoni mbili: T4, yenye atomu nne za aidini, na T3, yenye tatu. Homoni hizo huamua moyo upige kwa kasi gani na mwili utoe joto kiasi gani; mtoto akiwa tumboni, ubongo wake hauwezi kukua vyema bila hizo. Kwa kazi yote hiyo mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za aidini kwa siku, na mjamzito 250.

Nyapara wa tezi hii yuko chini ya ubongo: tezi ya pituitari. Homoni zikipungua, pituitari humwaga TSH kuihimiza thairoidi ichape kazi. Aidini isipokuwapo, himizo haliishi, na tezi hutanuka ikijaribu kunasa kila chembe inayopita. Hiyo ndiyo goita.

Jibu la Idjwi lilipatikana kwenye muhogo wa kaskazini. Muhogo mchungu hutoa sianidi, na usipolowekwa na kuanikwa vya kutosha, mabaki yake hugeuzwa na ini kuwa thayosayaneti, ambayo huizuia tezi kunasa aidini. Mwenye aidini tele haoni madhara makubwa. Mwenye aidini ya kubahatisha huzibiwa hata kile kidogo alichonacho. Waliotufundisha kuloweka muhogo kwa siku kadhaa hawakuwa wakipoteza muda.

Tanzania nayo ilikuwa na goita nyingi, hasa Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua za karne nyingi zimeosha aidini kutoka ardhini na kuipeleka baharini. Wa pwani walau wana samaki. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, kisha miaka ya 1990 chumvi ikaamriwa itiwe madini hayo. Naiona kuwa miongoni mwa kinga za bei nafuu zaidi tulizowahi kuwa nazo, ingawa uvimbe wa shingo ndio unaosemwa, na ubongo wa mtoto asiyezaliwa ndio unaopata hasara isiyorudi.

Lakini tezi huharibika hata pasipo uhaba wa aidini. Mara nyingi kinga ya mwili wenyewe ndiyo huishambulia, na wanawake huathirika zaidi. Katika ugonjwa wa Hashimoto tezi huchakaa: mgonjwa huchoka, huhisi baridi wenzake wakitokwa jasho, hunenepa, hupata choo kigumu. Katika ugonjwa wa Graves huzalisha kupita kiasi: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, macho hutokeza, na mtu hukonda huku anakula vizuri. Mtaani huyu wa pili hunong'onwa kuwa ana UKIMWI, au amerogwa, na miezi hupotea.

Kipimo cha kwanza ni damu tu, kutazama TSH. Tezi iliyolegea hutibiwa kwa kidonge cha levothairoksini kila siku, aghalabu maisha yote; iliyozidi hutulizwa kwa kabimazoli, aidini yenye mionzi au upasuaji. Ukiona dalili hizi zinadumu, omba kipimo hicho. Na chumvi ya nyumbani ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu, maana aidini hupotea.