Bomba la Moshi la Motokaa

Mtu akisimama Omurushaka, pale njia ya Kyerwa inapoachana na njia ya Kayanga, huona vyombo vya kila namna: malori yaliyopakia kahawa na ndizi, mabasi yaendayo Bukoba, na pikipiki zisizo na idadi. Vingine hupita kwa sauti ya upole. Vingine hunguruma hata mbuzi wakaruka kando ya njia. Mwenye chombo cha kelele hujisifu, akisema, “Nimebadili bomba la moshi, sasa kina nguvu.” Je, ni kweli? Tena, mtu akilibadili bomba, yampasa kuirekebisha na injini pia? Ili tupate jibu, na tutazame kwanza kazi ya bomba hilo.

1. Injini yapumua

Injini ya petroli hufanya kazi kwa mapigo manne, kama ile aliyoiunda Nikolaus Otto wa Ujerumani katika mwaka 1876. Pigo la kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pigo la pili, hupanda na kuibana. Pigo la tatu, cheche ya plagi huiwasha, na moto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pigo la nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Basi injini yapumua kama mwanadamu: huvuta, kisha hutoa.

Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa moshi mara 100 katika kila nukta moja. Kama moshi huo ungetoka wazi, kelele yake ingeumiza masikio. Kwa hiyo hupitishwa katika bomba refu, ambalo mafundi huliita ekzosi. Njiani mna kasha lenye vyumba na mabomba yenye matundu, nalo huitwa sailensa. Humo mawimbi ya sauti hugongana na kupunguzana nguvu, hata yakitoka nje yamekuwa mnong'ono. Katika magari ya siku hizi mna kasha jingine pia, lenye madini ya thamani kama platini, ambalo hugeuza sehemu kubwa ya sumu ya moshi kuwa hewa isiyodhuru sana.

2. Bomba pana na bomba jembamba

Watu wengine hudhani kwamba injini hupenda kuzuiwa moshi wake kidogo. Sivyo. Moshi ukizuiwa, pistoni hupoteza nguvu kwa kuusukuma. Lakini bomba likiwa pana kupita kiasi pia si vema. Utazame mto Kagera: mahali penye ukingo mwembamba maji huenda mbio, na mahali penye upana huenda pole pole. Ndivyo ulivyo moshi. Ukienda mbio katika bomba la kadiri, huacha nyuma yake uvutano unaosaidia kuutoa moshi wa pigo lifuatalo. Bomba pana mno hupunguza mwendo huo, na gari hulegea hasa linapopanda kilima kwa mwendo mdogo. Nasi tukaao katika nchi ya milima twajua hasara yake.

3. Je, injini irekebishwe?

Jibu lategemea mambo mawili: ni sehemu gani iliyobadilishwa, na injini ni ya namna gani.

Ikiwa mtu amebadili sailensa ya nyuma tu, katika gari jipya lenye kompyuta, kwa kawaida hana haja ya kurekebisha neno. Ndani ya bomba, karibu na injini, mna chombo kidogo kipimacho oksijeni iliyobaki katika moshi. Chombo hicho huipasha habari kompyuta, nayo huongeza au hupunguza petroli. Lakini nguvu atakayoipata mtu huyo ni ndogo sana. Aghalabu amenunua kelele tu.

Ikiwa amebadili mabomba ya mbele yaliyofungwa kwenye injini, au ameliondoa kasha la kusafisha sumu, au amekitoa kile chombo cha kupima, hapo mambo ni mengine. Kompyuta hukosa habari za kweli, na petroli hupimwa vibaya. Injini hiyo yataka fundi ajuaye kuirekebisha.

Pikipiki nyingi na magari ya zamani hayana kompyuta, bali kabureta. Kabureta haijui kufikiri. Hupima kama ilivyopangwa. Moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, hewa nyingi huingia, na petroli huwa haba. Injini huchemka, na vali zaweza kuungua. Tena kuna jambo la nchi yetu yenyewe. Mahali palipo juu ya bahari kwa meta 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Kabureta iliyopangwa pwani, ikifika milima ya Karagwe, hutoa petroli nyingi kuliko hewa, na moshi huwa mweusi. Basi fundi mwenye akili hafuati kelele. Hufungua plagi na kutazama rangi yake: nyeusi yenye masizi, petroli imezidi, nyeupe, petroli imepungua, ya kahawia, imekwenda sawa.

4. Hatari isiyoonekana

Njia nyingi za vijijini ni za changarawe na mashimo. Mawe hulipiga bomba, na kutu hulila, hata likatoboka. Tundu likiwa mbele ya chombo cha kupima, hewa ya nje huingia na kuidanganya kompyuta. Lakini hasara ya petroli ni ndogo kuliko hasara ya uhai. Katika moshi mna hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Ikipenya ndani ya gari, hushika mahali pa oksijeni katika damu. Abiria huumwa kichwa, huona kichefuchefu, kisha husinzia; na aliyesinzia hivyo aweza asiamke tena. Mkiona dalili hizo, mwambieni dereva asimame mara moja, mkashuke wote mpate hewa safi. Wala injini isiachwe ikiwaka ndani ya banda lililofungwa.

Mabomba ya kelele nayo hudhuru jirani: mgonjwa hapati usingizi, na mwalimu hasikiki darasani. Wazee walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Nguvu ya injini haimo katika sauti yake, bali katika hewa, petroli na moto vilivyopimwa kwa haki. Na kwa habari ya tundu dogo la bomba walisema pia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali

1. Taja mapigo manne ya injini.
2. Kwa nini bomba pana mno hulegeza gari mlimani?
3. Ni wakati gani injini hurekebishwa baada ya kubadili bomba?
4. Eleza dalili za sumu ya moshi, na jambo la kufanya.