Binti Kusomea Lishe: Ina Nafasi Gani Katika Dini?



Kila Ramadhani ikikaribia, wenye maradhi ya sukari hutuuliza: tufunge au tusifunge? Safari hii mzazi mmoja ametuuliza pia kuhusu binti yake aliyefaulu Kemia na Baiolojia na anataka kusomea utaalamu wa lishe. Je, elimu hiyo ina nafasi katika dini? Masuali haya mawili yameshikana.

Allah (S.W.) amempa mgonjwa ruhusa ya kula, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Lakini maradhi yapi yanafikia ruhusa hiyo? Wanazuoni wameturejesha kwa tabibu mjuzi na muaminifu. Sisi tunaijua hukumu, mwili wa mgonjwa anaujua mwenye fani yake.

Daktari huangalia hatari na kupanga dawa. Mtaalamu wa lishe hupanga chakula. Yeye hakatazi futari. Huuliza nyumbani kunaliwa nini, kisha hueleza kwamba muhogo, ndizi mbichi, viazi vikuu na tambi vyote ni wanga, basi achaguliwe mgonjwa kimoja kwa kiasi, na samaki na mboga viongezwe. Daku humwambia aicheleweshe, na hiyo ni Sunna. Kwa baadhi ya wagonjwa wa figo hata tende ina madhara, kwa sababu ina potasiamu nyingi. Huyo atafungua kwa maji, na hayo pia yamo katika Sunna.

Njia yake huanzia masomo ya sayansi sekondari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada ya lishe ya binadamu, ya miaka 3. Mhitimu huweza kufanya kazi hospitali, katika miradi ya afya ya mama na mtoto, au serikalini.

Kuhusu stara, sehemu kubwa ya kazi hii ni kuuliza, kupima uzito na kushauri. Mama mjamzito mwenye sukari atamweleza mwanamke mwenzake mambo ambayo mbele ya mwanamme atayaficha. Kuhusu safari, asindikizwe na maharimu wake, na apatiwe makaazi ya amani kabla ya kuachwa huko.

Elimu ambayo umma unaihitaji ni fardhi kifaya: wakiisoma wa kutosha, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhima. Basi mzazi, usimzuie. Msimamie nia yake tu.

Wallahu aalam.