Madhara ya methotreksati kwa ini

Madhara ya methotreksati kwa ini ni majeraha yanayoweza kulipata ini la mtu anayetumia dawa ya methotreksati ili kupunguza nguvu za mfumo wa kinga mwilini. Dawa hiyo hutolewa hasa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, ambao kinga ya mwili wao hushambulia viungo, na wa soriasisi, ambayo ni ugonjwa wa ngozi. Wengi hawapati madhara makubwa. Lakini kwa wachache ini hupata makovu polepole bila maumivu yoyote, hivyo usalama wa mgonjwa hutegemea vipimo kuliko dalili.

Matumizi ya dawa

Methotreksati ilitengenezwa katika miaka ya 1940 na ilianza kutumika kama dawa ya saratani. Huzuia kimeng'enya kinachoziwezesha seli kutumia folati, vitamini ambayo seli huhitaji ili zigawanyike. Kwa baridi yabisi dozi huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 7.5 hadi 25, nayo hutolewa mara moja tu kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa makosa huharibu uboho wa mifupa na utando wa kinywa na utumbo, na kunaweza kuua.

Jinsi ini linavyoumia

Sehemu ya dawa hubaki ndani ya seli za ini kwa muda mrefu na kupunguza folati yake. Dalili ya kwanza kwa kawaida huonekana maabara tu: vimeng'enya vya ini viitwavyo ALT na AST huongezeka katika damu. Mara nyingi hushuka dozi ikipunguzwa au ikisimamishwa. Mara chache, baada ya miaka kadhaa, mafuta na makovu hujengeka ndani ya ini. Makovu yakienea sana, hali hiyo huitwa sirosisi. Macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji ni dalili zinazoweza kuchelewa mpaka ini liwe limeharibika sana.

Walio katika hatari zaidi

Hatari huongezeka kwa wanywaji wa pombe, watu wanene, wenye kisukari na wenye virusi vya homa ya ini aina ya B au C. Virusi vya aina ya B vilivyotulia vinaweza kuamka kinga inaposhushwa. Kwa hiyo kuvipima kabla ya tiba ni muhimu, hasa katika nchi ambako maambukizi hayo ni mengi, zikiwemo za Afrika Mashariki. Wenye figo dhaifu pia huhitaji uangalizi, kwa kuwa dawa hutoka mwilini kupitia figo.

Kuzuia madhara

Damu hupimwa kabla ya tiba, mara kwa mara katika miezi ya kwanza, kisha kila baada ya miezi 2 au 3. Inafaa ichukuliwe siku 1 au 2 kabla ya dozi inayofuata, kwa sababu vimeng'enya vinaweza kupanda kwa muda mara baada ya kumeza dawa. Vidonge vya asidi ya foliki hupunguza madhara hayo, na pombe inafaa kuepukwa.

Zamani wagonjwa wengi walitolewa kipande cha ini kwa sindano ili kichunguzwe. Siku hizi ugumu wa ini huweza kupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Mgonjwa anayejisikia vizuri hapaswi kuacha vipimo wala dawa bila ushauri wa daktari, kwa sababu ugonjwa wa awali unaweza kurudi. Akiona macho ya manjano au mkojo mweusi, anapaswa kwenda hospitali mara moja, kabla ya kumeza dozi nyingine.