Kuchagua Chuo Kikuu cha Mtandaoni: Mwongozo kwa Mwanafunzi Asiyeona

Masomo ya chuo kikuu kwa njia ya mtandao ni huduma inayonunuliwa kabla ya kuonjwa. Anayenunua mahindi gulioni hutia mkono ndani ya gunia, akazipima punje kwa vidole, ndipo atoe fedha. Mwanafunzi hulipa ada kwanza, kisha huingia darasani. Kwa mwanafunzi asiyeona, hasara ya kukosea ni kubwa zaidi: anaweza kukuta kwamba ameshalipa, jina lake limo katika orodha ya waliosajiliwa, lakini kitabu hakisomeki, kitufe cha kutuma kazi hakitajiki, na mtihani umefungwa kabla hajafika swali la tatu. Muhula mzima hupotea pasipo kosa lake.

Kwa mkazi wa Kabasa, wilayani Bunda, masomo haya yana mvuto unaoeleweka. Hayamlazimu kuhamia Dar es Salaam, kupanga chumba katika mji asiozijua njia zake, wala kumtafuta wa kumwongoza kila asubuhi. Mkoa wa Mara una vijana wasioona waliopitia madarasani. Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, ni miongoni mwa shule zinazowapokea. Wale wanaohitimu sekondari wanastahili kuchagua chuo kwa taarifa kamili, kama mlaji mwingine yeyote. Katika sura hii tunaeleza mambo ya kuthibitisha kabla ya kulipa.

Uhalali wa chuo

Swali la kwanza ni lile lile kwa anayeona na asiyeona: je, chuo kinatambuliwa? Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutunza orodha ya vyuo vikuu na programu zilizoidhinishwa nchini. Hakikisha kwamba jina la chuo limo, na kwamba programu unayoitaka imo pia. Kuwamo kwa kimoja hakuthibitishi kingine.

Kwa anayetaka kusoma akiwa nyumbani, chuo cha umma kilichoanzishwa mahsusi kwa elimu huria na masafa ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Makao yake makuu yako Dar es Salaam, nacho kina vituo mikoani, kikiwamo cha Mara kilichopo Musoma. Kituo cha mkoa kina faida kwa mwanafunzi asiyeona: mfumo unapogoma, kuna ofisi inayofikika kwa basi kutoka Bunda na mtumishi wa kuzungumza naye ana kwa ana. Hata hivyo, ukaribu wa kituo haukuondolei wajibu wa kuuliza maswali yaliyomo humu.

Ukivutiwa na chuo cha nje ya nchi, iulize TCU kabla ya kulipa iwapo shahada yake, ikisomwa mtandaoni, itatambuliwa hapa nchini. Shahada isiyotambuliwa inaweza kukufungia mlango wa ajira hata kama uliisoma kwa juhudi.

Maana ya ufikivu

Vyuo vingi huandika katika matangazo yao kwamba vinawakaribisha wanafunzi wenye ulemavu. Kukaribishwa ni jambo moja. Ufikivu ni jingine. Mfumo fikivu ni ule ambao mwanafunzi asiyeona anaweza kuutumia mwenyewe, kwa kisoma skrini, tangu kuomba udahili hadi kupokea matokeo. Kisoma skrini ni programu inayoyatamka kwa sauti maandishi yaliyomo kwenye kompyuta au simu, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu.

Programu hiyo husoma maandishi. Picha ya maandishi huishinda. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kama PDF huonekana vizuri kwa macho, lakini kwa kisoma skrini huwa karatasi tupu, isipokuwa kimepitishwa kwanza katika programu ya kutambua maandishi. Mchoro usio na maelezo ya maneno hutajwa kuwa picha tu. Kitufe kisichopewa jina hutajwa kuwa kitufe, bila kusema ni cha kutuma au cha kufuta. Hesabu zilizoandikwa kama picha hazisomeki kabisa, jambo la kuzingatiwa sana na anayetaka kusoma uchumi, takwimu au sayansi.

Kuna miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, ijulikanayo kwa kifupi kama WCAG, ambayo toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023. Ina ngazi tatu: A, AA na AAA. Uliza mfumo wa chuo unafuata ngazi ipi. Ngazi ya AA ndiyo inayotakiwa zaidi duniani. Mhusika asipoielewa kabisa hoja yako, hilo nalo ni jibu.

Jaribu kabla ya kulipa

Tunakushauri uombe akaunti ya majaribio, au uombe kuonyeshwa somo moja halisi, si ukurasa wa matangazo. Kama huna kompyuta, programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wasioona, hutolewa bure kwa kompyuta za Windows. Huweza kubebwa kwenye flashi na kufunguliwa katika kompyuta ya mtu mwingine, mwenyewe akiridhia. Sauti inayokuja nayo huweza kusoma Kiswahili. Kwenye simu za Android kuna TalkBack, na kwenye iPhone kuna VoiceOver; zote huwashwa katika mipangilio bila malipo ya ziada.

Fanya mambo haya bila kusaidiwa na mtu anayeona:

1. Ingia kwa jina na nywila yako. Angalia kama mfumo unakudai uandike herufi zilizomo ndani ya picha bila kukupa njia mbadala ya sauti.
2. Fungua mhadhara mmoja na kitabu kimoja cha kiada. Sikiliza ukurasa wa kumi, si jalada peke yake.
3. Tuma kazi ya majaribio, kisha uthibitishe kwamba imepokelewa.
4. Jibu jaribio fupi lenye muda, ukitumia kibodi pekee bila kipanya.
5. Andika ujumbe katika jukwaa la majadiliano na usome majibu ya wenzako.

Uliza pia kuhusu vipindi vya moja kwa moja. Mhadhiri anapoonyesha slaidi kwenye skrini yake, kwako ile ni picha tu. Chuo kinachojali hukutumia slaidi hizo mapema, na humtaka mhadhiri asome anachokionyesha badala ya kusema "kama mnavyoona hapa".

Mitihani

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa masomo huweza kufikika na mtihani usifikike. Uliza kwa maandishi: mtihani utafanyika nyumbani au kituoni? Utapewa kompyuta yenye kisoma skrini, karatasi ya nukta nundu, au mwandishi wa kukuandikia majibu? Mwandishi huyo atatafutwa na nani, na malipo yake ni ya nani? Utaongezewa muda gani? Maombi hupelekwa siku ngapi kabla ya mtihani?

Baadhi ya vyuo husimamia mitihani kwa kamera inayofuatilia uso na macho ya mtahiniwa. Mtu asiyeona hatazami skrini kama inavyotarajiwa, na mfumo unaweza kumdhania mdanganyifu. Ulizia utaratibu huo mapema, na upate ahadi kwamba mtu, si mashine, ndiye atakayeamua.

Gharama zisizotajwa

Ada ni sehemu tu ya gharama. Jumlisha bando la intaneti, umeme wa kuchaji, kompyuta mpakato, vifaa vya masikioni, nauli ya kwenda kituoni na ya msindikizaji wako. Saa moja ya kipindi cha video huweza kumaliza megabaiti mamia kadhaa. Sauti peke yake hutumia kidogo zaidi. Kwa kuwa huhitaji picha, uliza kama unaweza kushusha mihadhara kwa sauti au maandishi, ukapunguza gharama bila kupoteza chochote.

Waombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu wasome mwongozo wa mwaka husika, na waandae mapema uthibitisho wa ulemavu wao kutoka kwa mganga mkuu wa wilaya au mkoa pale unapohitajika.

Haki zako

Unapouliza maswali haya huombi hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inayolinda haki ya elimu bila ubaguzi. Mwaka 2020 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaowezesha vitabu vyenye hakimiliki kugeuzwa katika nukta nundu, sauti au maandishi ya kielektroniki kwa ajili ya wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Ukiambiwa kwamba kitabu hakiwezi kugeuzwa kwa sababu ya hakimiliki, utaje mkataba huo.

Aidha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Mali bila daftari hupotea bila habari: hifadhi tangazo lililokuvutia, barua pepe zote, stakabadhi za malipo na majibu uliyopewa. Ukijibiwa kwa simu, andika ujumbe unaorudia ulichoambiwa na uombe uthibitishwe. Lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo chenyewe, kamwe si kwa simu ya mtu binafsi.

Tatizo likitokea, anza na chuo kwa maandishi na utaje tarehe unayotarajia jibu. Usiporidhika, peleka suala lako TCU. Chama cha Wasioona Tanzania nacho kinaweza kukushauri na kukukutanisha na waliokutangulia katika chuo hicho hicho. Kabla ya kulipa, zungumza na mmoja wao. Mwanafunzi asiyeona aliyekwisha kufanya mtihani hapo atakueleza kile ambacho tangazo halikukisema.