Kicheko Kisicho cha Furaha

Twajua sote ya kuwa kicheko ni alama ya furaha. Lakini mwaka 1962 katika nchi yetu ya Buhaya kilionekana kicheko cha namna nyingine, chenye machozi ndani yake. Yafaa tujifunze habari zake, kwa maana zatuonyesha jinsi moyo wa mtu ufanyavyo kazi.

Tarehe 30 Januari mwaka huo, katika shule ya misheni ya wasichana huko Kashasha, ambako leo ni wilaya ya Muleba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kujizuia. Wenzao wakafuata. Hata shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 katika 159 walikuwa wamekwisha kupatwa. Hawakucheka mfululizo; walitulia, kisha wakashikwa tena, wakicheka na kulia, wengine wakikimbia kama wafukuzwao. Wako waliopona kwa saa chache, na wako waliosumbuka siku 16. Walimu wao hakupatwa hata mmoja.

Wasichana waliporudi makwao, jambo lile likaenea. Kule Nshamba watu 217 walishikwa katika Aprili na Mei, wengi wao vijana na watoto wa shule. Mwezi wa Juni likafika shule ya Ramashenye, karibu na mji wa Bukoba, likawashika wasichana 48 katika 154. Madaktari wakapima damu, wakachunguza na chakula. Hawakuona sumu wala kijidudu. Wala hakufa mtu.

Je, wasichana wale walijifanya? La, hasha. Wataalamu wa elimu ya nafsi watwambia mambo mawili. La kwanza, moyo ukilemewa na usipate mahali pa kusema, mwili husema badala yake. Watoto wale walikuwa mbali na mama zao, chini ya amri kali, katika nchi iliyopata uhuru wake majuma machache tu nyuma, tarehe 9 Desemba 1961. Kila mzazi aliwatazamia makubwa. La pili, hali ya moyo huambukiza. Mmoja akipiga mwayo barazani, wote hupiga. Mmoja akikimbia sokoni, wengine hukimbia kabla ya kuuliza kuna nini. Nao huambukizana upesi zaidi wale wa rika moja, waishio pamoja, wenye mzigo mmoja.

Basi, mambo haya si ya Kashasha tu, yamo nyumbani mwetu. Mtoto alalamikaye tumbo kila asubuhi ya mtihani, na jioni acheza mpira, usimwite mwongo upesi: tumbo lamwuma kweli, ila mzizi wa maumivu u moyoni. Baba aingiaye nyumbani na uso wa hasira kwa sababu ya bei ya kahawa, asishangae akiona watoto wagombana kabla ya chakula. Hasira hiyo wameipokea kwake.

Hata siku hizi wasichana huanguka na kupiga kelele katika shule mbalimbali. Hapo wengine hukimbilia fimbo, na wengine humtafuta mchawi. Fimbo huongeza mzigo juu ya mzigo. Na kumtaja mchawi huzidisha hofu, nayo hofu ndiyo chakula cha jambo hili, tena yaweza kumletea mzee asiye na hatia mauti. Iliyo njia njema ni hii: kwanza mpelekeni mtoto hospitali, ijulikane kama ana ugonjwa wa mwili. Kisha mtengeni na kundi la watazamaji, akae na mtu mtulivu ampendaye. Akiisha kutulia, aulizwe kwa upole, “Mwanangu, ni nini kikulemeacho?” Naye aulizaye asikilize mpaka mwisho.

Wazee walinena, mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tuongeze: mtoto asiyeruhusiwa kulia, siku moja atacheka, na kicheko chake kitatuliza sisi.