Televisheni Katika Chumba cha Pili

Katika makao mengi ya askari na polisi nchini Uganda, televisheni ya pili si anasa. Aliyetoka zamu ya usiku hana budi kulala mchana, ilhali watoto wamerudi kutoka shuleni na wanataka kutazama vipindi vyao sebuleni. Basi chombo cha pili hununuliwa, nayo taabu huanza hapo: mwenye nyumba huukata waya wa antena, husokotea nyuzi za waya mwingine, hufunga utepe, kisha hustaajabu kuona picha imetoweka katika vyumba vyote viwili.

Hapo kale kosa hilo lilisameheka. Katika miaka ya Televisheni ya Uganda, iliyoanza mwaka 1963, mawimbi dhaifu yalileta picha ya chengachenga, lakini sura ya msomaji wa habari iliweza kutambulika. Mwaka 2015 nchi iliingia katika mfumo wa dijitali, na mfumo huo haujui nusu nusu. Picha huwa safi kabisa hadi mawimbi yapungue chini ya kiwango chake. Hapo hukatikakatika, hugandamana, kisha kioo huwa cheusi. Kwa hiyo picha nzuri ya sebuleni si ushahidi kwamba ipo akiba ya kugawia chumba kingine.

Mawimbi ni kama posho ya kikosi: ukiigawa sahani mbili haiongezeki. Kigawanyi cha njia mbili hutoa kila upande chini kidogo ya nusu ya nguvu iliyoingia. Waya nao hula sehemu yake. Mita 20 za waya mzuri wa antena, ule uitwao RG6, huweza kupoteza karibu nusu nyingine. Chumba cha mbali hubakiwa na robo tu. Mwenye televisheni mbili akifunga kigawanyi cha njia nne, anamwaga posho bure. Waya wa taa haufai kabisa.

Wengi hukimbilia kikuza mawimbi na kukifunga nyuma ya televisheni ya mbali. Huko hakiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Mahali pake ni juu ya mlingoti, karibu na antena. Umeme wake hupanda kwa waya ule ule. Kwa hiyo kigawanyi kikae baada ya kisanduku cha umeme huo, upande wa televisheni, ama sivyo umeme huweza kuzuiwa njiani. Aliye karibu na minara ya Kololo aghalabu hahitaji kikuza; nguvu ikizidi nayo huvuruga picha.

Dishi lina sheria nyingine. King'amuzi hukiamuru kichwa cha dishi kwa umeme wa volti 13 au 18, kila kiasi kikichagua kundi lake la stesheni. Ving'amuzi viwili vikitumia tundu moja, amri hugongana, mithili ya makamanda wawili juu ya kikosi kimoja. Kinachotakiwa ni kichwa chenye matundu mawili, na waya wake kwa kila king'amuzi. Kuupeleka waya kwa jirani ni jambo jingine: mikataba ya stesheni za kulipia aghalabu hukataza, na haipendezi polisi akutwe nao dirishani.

Imebaki radi. Mvua ya ngurumo ingali mbali, chomoa plagi na waya wa antena katika vyumba vyote viwili, kwani waya uliosahauliwa kule nyuma huweza kuileta hadi kitandani mwa watoto.